Kabureta ya Bei Rahisi Humgharimu Nani?

Pikipiki iliyomaliza miaka saba au minane kwenye barabara za Eastlands, Nairobi, ikianza kukohoa, hukumu hutolewa haraka: "Kabureta imeisha, leta nyingine." Utaisikia Kayole, Dandora, Umoja na Donholm, na mara nyingi hutolewa kabla ya mtu yeyote kufungua kifuniko cha tanki aone kilichomo. Mwenye chombo hutoa pesa, kabureta mpya hufungwa, na baada ya wiki mbili kikohozi kinarudi. Uchafu ulikuwa kwenye tanki tangu mwanzo, na sasa umeingia kwenye kabureta mpya.

Hapa tunalinganisha njia za kuondoa tatizo la mafuta kwenye pikipiki kuukuu: kusafisha, kubadilisha vipuri vya ndani, kununua kabureta ya kuiga, kununua orijino mpya au iliyotumika, au kuachana nayo. Bei za spea na za ufundi tulizotumia ni za mfano tu, ili hesabu ionekane. Ziondoe uweke zile ulizoulizia mtaani kwako. Bei ya petroli ni ya kweli: mamlaka ya kawi, EPRA, hutangaza bei ya juu zaidi kila tarehe 14 ya mwezi. Kati ya Oktoba na Novemba 2023 lita moja Nairobi ilifika shilingi 217.36, na mwaka mmoja baadaye ikawa 180.66. Tutatumia hiyo ya pili.

Kabla ya kutoa hata shilingi

Vipimo vinne havina malipo. Vifanyie nje, injini ikiwa baridi (isipokuwa cha tatu), mbali na jiko na sigara. Usivifanyie chini ya ngazi za ploti ambako pikipiki nyingi hulala, kwa maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini ukingoja cheche.

Cha kwanza, tenganisha shida ya mafuta na shida ya moto. Piga kiki mara kadhaa kisha ufungue plagi. Ikiwa kavu na haina harufu ya petroli, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika, kwa hiyo ama yamezidi ama moto ndio haupo. Masizi meusi makavu yanaonyesha kwamba petroli ni nyingi kuliko hewa. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema.

Cha pili, geuza koki iende rizavu. Pikipiki ikiwaka, huenda hakuna kilichoharibika, ila geji ya mafuta inadanganya, jambo la kawaida kwa chombo cha umri huo.

Cha tatu, ikizima baada ya kwenda umbali fulani, simama pembeni ufungue kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na pikipiki ikawaka tena, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Petroli inaposhuka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, la sivyo mafuta hukwama tankini. Tiba ni kusafisha kifuniko.

Cha nne ndicho kinachorukwa zaidi. Legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, mafuta yadondokee kwenye chupa safi inayopenya mwanga, kisha uiache itulie dakika chache. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatajitenga yakae chini. Vumbi jekundu ni kutu ya tanki. Ukiona kimojawapo, usinunue kabureta bado. Maji huingia kupitia mpira wa kifuniko uliochakaa, hasa msimu wa mvua za Machi hadi Mei, au pikipiki inapooshwa kwa pampu ya presha. Maji ya presha hayachagui kati ya matope na mdomo wa tanki.

Dalili husema penye shida

Pikipiki inayowaka kwa choki tu na kuzima choki ikirudishwa, mara nyingi jeti yake ndogo imeziba. Tundu la jeti hiyo halifiki nusu milimita, na petroli iliyokaa wiki nyingi bila kutumika huacha utomvu unaoliziba.

Ikisimama vizuri kwa silensa, yaani ikinguruma bila kuvutwa mafuta, lakini ikakosa nguvu ukiyavuta kwenye Outering Road, chunguza njia ya kutoka tanki hadi kabureta: koki, chujio, paipu iliyojikunja.

Petroli ikimwagika kupitia paipu ya chini, sindano ya boya haifungi, au boya limetoboka na kuzama.

Moshi mweusi na harufu kali vinaelekeza kwenye filta ya hewa iliyojaa vumbi, choki isiyorudi, au jeti iliyopanuliwa. Hili la mwisho ni kosa la kibandani: fundi akizibua jeti kwa uzi wa waya ya breki, hukwaruza shaba laini na tundu hukua. Jeti husafishwa kwa dawa na kupulizwa kwa hewa ya kompresa. Ukiona waya unatolewa, omba kazi isimame.

Silensa ikipanda yenyewe na kukataa kushuka, tazama mpira ulio kati ya kabureta na injini. Jua na joto huupasua, hewa ikaingia kwa mlango wa nyuma. Mpira huo ni spea ndogo, lakini watu wengi wamenunua kabureta nzima kwa sababu yake.

Njia tano mezani

Tuseme vipimo vyote vimeelekeza kwenye kabureta yenyewe. Kusafisha kukiwa shilingi 500, ndiyo njia ya kwanza ikiwa tatizo ni uchafu na vipuri vya ndani ni vizima. Kazi hiyo ina maana ya kufungua jeti zote mbili, kuzilowesha, kuzipuliza na kuosha bakuli. Kupuliza kwa mdomo pembeni ya barabara hakuhesabiki.

Seti ya ripea, yenye jeti, sindano ya boya na mipira, tuiweke shilingi 800. Ukiongeza ufundi inakuwa 1,300. Hii ndiyo njia inayosahaulika zaidi, ilhali sehemu nyingi zinazochakaa ziko ndani ya pakiti hiyo ndogo. Inashindwa pale mwili wenyewe wa kabureta umekwisha: nyuzi za skrubu zimelika, au pistoni ndogo inayopanda na kushuka unapovuta mafuta imelegea hadi inacheza kwenye nafasi yake. Shika pistoni hiyo kwa vidole uitikise. Ikitikisika sana, seti haitakusaidia.

Kabureta ya kuiga tuseme ni 2,000, na pamoja na ufundi 2,500. Faida yake ni kwamba inapatikana hapo hapo na kazi huisha siku hiyo. Shida yake haionekani dukani. Jeti zake zinaweza zisilingane na injini yako, na Nairobi huongeza tatizo kwa sababu ya mwinuko. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Jeti iliyotosha pwani humwaga petroli nyingi mno kwa hewa ya huku. Pikipiki inawaka vizuri, dereva anafurahi, huku plagi ikizidi kuwa nyeusi.

Orijino tuseme ni 6,000, na ufundi ukiingia 6,500. Unalipia jeti zilizopimwa kwa injini ya aina yako, na shaba isiyolika haraka.

Ya tano ni orijino iliyotumika, iliyotolewa kwenye pikipiki iliyoanguka. Inaweza kuwa bora kuliko mpya ya kuiga, mradi uifanyie kile kipimo cha pistoni kabla ya kulipa. Ogopa ile inayouzwa bila resiti na muuzaji asiyejulikana, kwa kuwa ukipatikana na mali inayoshukiwa kuwa ya wizi na huwezi kueleza ilikotoka, unaweza kushtakiwa.

Kilomita ndizo huamua

Kati ya ya kuiga na orijino kuna tofauti ya shilingi 4,000 kwenye mfano wetu. Je, inarudi?

Tuseme pikipiki ikiwa na kabureta sawa hupiga kilomita 45 kwa lita, na ikifungwa ya kuiga isiyolingana inashuka hadi 40. Bodaboda inayokwenda kilomita 100 kwa siku itachoma lita 2.5 badala ya 2.22. Tofauti hiyo kwa bei ya 180.66 ni shilingi 50 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni takriban 1,300 kwa mwezi. Baada ya miezi mitatu hivi orijino imejilipa. Petroli ikirudi kwenye bei ya 2023, itajilipa kwa miezi miwili na nusu.

Sasa mchukue jirani wa Buruburu ambaye pikipiki yake hutoka Jumamosi na Jumapili tu, kilomita 130 kwa mwezi. Hasara yake ni kama shilingi 65 kwa mwezi. Kurudisha zile 4,000 kutamchukua miaka mitano, na huenda hataimiliki pikipiki hiyo kwa muda huo. Kwake orijino ni anasa. Bora anunue seti ya ripea, na kila anapoiegesha kwa muda mrefu afunge koki na kumwaga mafuta ya bakuli yasigande.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya spea, jua unakwenda kilomita ngapi na unachoma lita ngapi. Jaza tanki hadi alama unayoikumbuka, fanya kazi siku mbili, rudi kituo kile kile ujaze hadi alama ile ile, kisha gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Kama mita ya kilomita ilikufa zamani, hesabu safari kwa ramani ya simu. Rudia kipimo baada ya matengenezo. Fundi akisema kazi ni safi, kipimo hicho ndicho shahidi wako.

Analipia spea nani, analipia petroli nani

Bodaboda nyingi za Eastlands si mali ya wanaoziendesha. Mwenye pikipiki hupokea hesabu ya siku, na ubovu mkubwa ni wake. Anayeendesha hulipia petroli. Mpango huo ndio hufanya kabureta ya kuiga ipate wateja wengi.

Mwenye pikipiki anapochagua ya 2,000 badala ya ya 6,000, ameokoa 4,000 mfukoni mwake. Zile shilingi 50 za kila siku hazimhusu, kwani zinatoka kwa kijana aliye stejini. Hakuna aliyedanganya, ila mmoja anachagua bei na mwingine anailipa. Kijana naye hana sababu ya kulinda kipuri kisicho chake. Akiona petroli ikitiririka kidogo kidogo, ataegemeza pikipiki upande mwingine aendelee na kazi, kwa maana siku ya gereji ni siku isiyo na mapato na hesabu bado inadaiwa.

Njia ya kutoka hapo ni kugawana ile tofauti. Mwenye pikipiki anunue orijino, na mwendeshaji aongeze shilingi 50 kwenye hesabu kwa siku 40 za kazi. Hiyo ni 2,000, nusu ya tofauti. Mwendeshaji hajaumia, kwa sababu hamsini hizo angezichoma kama petroli, na kuanzia siku ya 41 zinabaki kwake. Mwenye chombo amepata kabureta inayodumu kwa nyongeza ya 2,000 badala ya 4,000. Waandikiane, hata kwa ujumbe wa simu, kabla spea haijafungwa. Na siku ya gereji hesabu isidaiwe, ili ubovu uripotiwe ukiwa mdogo.

Ubovu mdogo wenyewe una bei. Tuseme matone 20 ya petroli hufanya mililita moja. Pikipiki ikilala saa kumi koki ikiwa wazi, ikidondosha tone moja kila sekunde kumi, asubuhi mililita 180 zimekwenda. Hizo ni shilingi 32 kwa usiku, karibu elfu moja kwa mwezi, zaidi ya bei ya seti yetu ya mfano. Tena si lazima petroli idondoke nje. Sindano ikishindwa kufunga, mafuta yanaweza kuingia ndani ya injini na kuifanya oili kuwa nyepesi. Vuta kijiti cha oili unuse. Ukisikia petroli, usiwashe: badilisha oili na sindano kwanza. Injini ikisagika, bei ya kabureta yoyote itaonekana ndogo.

Tanki, chanzo kinachorudi

Kutu ikiwa kidogo, mwaga mafuta yote, toa koki, tia kokoto ndogo kali au cheni fupi na maji ya sabuni, tikisa, suuza, kausha kabisa juani, kisha ufunge chujio jipya. Hii ni kazi ya nusu siku na gharama yake ni ndogo. Chujio la plastiki linalopenya mwanga ndilo la kununua, kwa kuwa utaona kutu ikijikusanya bila kufungua chochote.

Tanki likiwa limetoboka, kuna mafundi wa kuchomelea Kariobangi Light Industries na Kamukunji. Usikubali tanki lichomelewe kwa kuwa tu limemwagwa petroli. Tanki tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa, na huweza kulipuka usoni mwa fundi. Lioshwe kwa sabuni na maji mara kadhaa, na wakati wa kuchomelea lijazwe maji hadi karibu na tundu. Fundi anayepuuza hilo hafai hata akifanya kazi bure. Kutu ikishatafuna sakafu yote, viraka havitaisha. Tafuta tanki lingine, jipya au la mtumba, ulitazame ndani kwa tochi ya simu.

Petroli unayomimina

Petroli ya kwenye chupa inayouzwa kando ya njia huwa na bei ya juu kuliko kituoni, na hujui iliwekwa kwenye chombo kilichobeba nini jana. Ifanye ya dharura tu, ya kukufikisha kituo kinachofuata.

Mafuta ya taa nayo yana historia yake. Yalipokuwa rahisi mno, wafanyabiashara waliyachanganya na mafuta ya magari, hadi serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 kupunguza kishawishi. Kishawishi kilipungua ila hakikufa: Oktoba 2024 lita ya mafuta ya taa Nairobi ilikuwa 151.39, pungufu ya petroli kwa shilingi 29. Petroli iliyochanganywa huwaka kwa shida asubuhi ya baridi, hutoa moshi, na huifanya injini igonge ikipanda mlima. Dondosha kidogo kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama, lakini yenye mafuta ya taa huacha doa la ugreisi. Pikipiki ikibadilika mara tu baada ya kujaza, weka resiti, weka sampuli kwenye chupa safi, na upeleke malalamiko EPRA. Mamlaka hiyo huweka alama ya kemikali kwenye mafuta ya taa, na kwa hiyo inaweza kuyatambua ndani ya petroli.

Fundi yupi, duka lipi

Kibanda cha mtaani kinakufaa kwa kusafisha, chujio, paipu na mpira. Fundi anakujua, na kazi ikirudi atakuwa pale. Kwa kabureta, nauli ya kwenda Kirinyaga Road huwa na faida kwa sababu maduka yamepangana na unaweza kulinganisha bei kwa muda mfupi. Beba kabureta kuukuu mkononi, kwani pikipiki za jina moja zinaweza kuwa na kabureta tofauti kulingana na ukubwa wa injini na mwaka. Wakala wa kampuni huwa ghali zaidi, lakini ndiko utakakojua orijino inafananaje: uzito, chapa iliyokatwa kwenye chuma, namba za jeti.

Popote uendapo, patana mambo matatu kabla spana haijashikwa. Bei ya kupima iwe peke yake, na ilipwe hata kama hakuna kitakachonunuliwa, kwa sababu fundi anayelipwa kwa kufunga spea pekee ataona spea kila mahali. Vipuri vilivyotolewa urudishiwe. Na ulipe kwa simu, ujumbe wa malipo uwe ushahidi wa tarehe na kiasi ikiwa duka halitoi resiti.

Lini uache

Kabureta mpya haiwezi kuiokoa injini isiyo na kompresheni. Ikiwa kiki ni nyepesi mno na ekzosi inatoa moshi wa buluu, tatizo ni ringi na silinda. Jumlisha basi bei ya injini, tanki na kabureta, kisha linganisha na ile ambayo pikipiki yako ingeuzwa leo ilivyo. Jumla ikizidi nusu ya bei hiyo, uza.

Pikipiki ya umeme sasa ni chaguo halisi Nairobi, kwa kampuni kama Roam na Spiro, na haina kabureta ya kuziba. Swali la kuuliza ni lile lile la petroli: kilomita moja inagharimu kiasi gani ukijumlisha malipo ya kila siku ya mkopo, na kituo cha kubadilishia betri kiko umbali gani na steji yako. Kwa anayemaliza kilomita 100 kila siku, hesabu hiyo inastahili kufanywa kabla ya kutia elfu sita nyingine kwenye chombo kuukuu. Kwa jirani wa Buruburu, seti ya ripea na chujio jipya vinatosha.